Sentensi Niliyoikata Matiliku

Kabla ya yote, vijana, acheni kupuliza maiki. Nawaona kila Jumapili hapa Kabati. Mmoja wenu anapanda pale mbele kabla ibada haijaanza, anaipuliza kama uji wa moto, halafu anasema "helo, helo" na sote tunaruka kwenye viti. Ukitaka kujua kama maiki inafanya kazi, iguse kwa ukucha, polepole, huku mwenzako akiwa kwenye amplifaya na sauti ikiwa chini kabisa. Mate yakiingia humo yanakaa na vumbi la Kitui, na siku ya harusi ya watu mtaanza kulaumiana.

Mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya spika kabla ya Jumamosi. Nitaandika mengi, maana mtu aliyestaafu hana haraka ya kwenda popote. Jumamosi, kama mnavyojua, wajumbe wa chama cha Kinu kutoka Kitui na Makueni wanakutana hapa kwetu kuchagua kiongozi mpya wa chama, na nyinyi ndio mtakaokaa kwenye swichi. Kwa nini ni nyinyi na si mimi, nitafika huko. Nivumilieni nizunguke kidogo.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Kimeu wa Sultan Hamud. Alikuwa ametoka kazi ya reli akanunua spika mbili zile za mdomo mpana, betri ya lori na amplifaya moja iliyokuwa inanuka ikipata moto. Kwa vitu hivyo alihudumia mazishi, harambee, injili na siasa, kuanzia barabara ya Mombasa mpaka ndani ndani huku kwetu. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda kurudia neno. Siku ya kwanza nilielekeza spika kwenye mabati ya shule, nikidhani ndiyo njia ya kuwafikia watu waliokaa kivulini. Sauti ikagonga mabati ikarudi, na mchungaji akawa anajijibu mwenyewe kwenye maombi. Kimeu hakunigombeza. Aliniacha nisikie aibu yote mpaka "amina" ya mwisho, kisha akasema, "Sasa umejua bati haina masikio."

Kwa hivyo spika zipandishwe juu, zitazame watu, na upepo uwe mgongoni mwake. Waya uzikwe kidogo pale watu wanapopita, na mbuzi wafungwe mbali. Msicheke. Mbuzi wa Matiliku aliwahi kunitafunia waya katikati ya salamu za chifu, na mpaka leo kuna watu wanaoamini nilimtuma. Na mkimaliza kazi, hakikisheni maiki imezimwa kabla hamjasogea. Kuna harambee ambayo shemasi mmoja, akidhani tumezima, aliuliza mbele ya kijiji kizima kama ile nyama ya wageni ilikuwa imefichwa vizuri. Watu walisimama wote wakaelekea jikoni.

Lakini hayo ni ya mikono. Ya akili ni haya mawili, na yote ni ya Kimeu.

La kwanza ni kwamba makofi hayana maana. Sisi Wakamba tuna adabu nyingi mno kwenye mikutano. Mtu anaweza kutuambia atatuletea bahari hapa Kabati na tutampigia makofi, kwa sababu amesafiri na jua ni kali. Vijana watambeba mabegani. Kisha tunaenda kupiga kura vile tulivyokuwa tumepanga tangu nyumbani. Kimeu alinionyesha pa kutazama. "Angalia mikono ya akina mama," alisema. Akina mama wetu huja mkutanoni na viondo vyao, vile vikapu vya mkonge, wanasuka huku wakisikiliza. Msemaji akiwa anasema maneno ya kawaida, mikono inaenda. Akianza kuwachosha, mikono inakwenda kasi zaidi, maana heri kazi iishe. Akisema kitu kilichowaingia, mikono inasimama. Wala hawajui kwamba imesimama.

Nilimwona mgombea mmoja aliyeshangiliwa mpaka vumbi likafunika lori. Nikamwambia Kimeu huyu ameshinda. Akatazama walipokaa akina mama, akasema, "Kiondo imekua vidole vinne tangu aanze. Huyu hata dukani kwake hawezi kushinda." Na hakushinda.

La pili ni kwamba fundi hana chama mpaka spika zishuke. "Chama yako iko kwa nyumba," alikuwa akisema. "Hapa uko na waya tu." Mtajaribiwa, vijana. Kuna mtu atakayekuudhi na utaona kidole chako kinaelekea kwenye kile kitufe cha sauti, umpunguzie kidogo kidogo ajione amechoka, aketi. Naijua raha yake. Msifanye. Ukimpunguzia usiyempenda, hutaweza tena kumzimia unayempenda, na siku hiyo itafika. Mimi ilinifikia Matiliku.

Mnakumbuka uchaguzi mdogo wa mwaka huu upande wa Makueni, baada ya mbunge wao kujiuzulu aende kazi nyingine. Chama cha Kinu kilimsimamisha Ndinda. Kabla ya siasa Ndinda alikuwa afisa wa kilimo, anayezunguka na viatu vya mpira akiwaonyesha watu namna ya kuhifadhi ndengu zisiliwe na wadudu. Nilimwekea spika kwenye maonyesho ya wakulima mara nyingi, na mara ya kwanza tu niliona mikono ikisimama. Tangu siku hiyo nilimpenda, na sioni haya kusema hivyo. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani anayesoma vizuri.

Sasa, kiti kile hakikuwa kiti tu. Kiongozi wa chama alikuwa ametangaza kwamba anapumzika, na kila mtu alijua Ndinda akishinda Makueni, atagombea uongozi wa chama kizima. Akishindwa, ameisha. Uongozi ungemwangukia naibu, Mheshimiwa Maingi wa hapa Kitui, bila jasho. Simsemi Maingi vibaya. Ni mtu mcheshi, anajua majina ya watoto wa watu, na mazishi ya maskini anafika. Ila siku ile ya mkutano mkubwa wa mwisho pale Matiliku alitumia silaha ambayo ni yetu sisi wenyewe, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Alitumia salamu.

Mnajua mkutano wetu unavyoanza. Hakuna anayeweza kuwa amekuja halafu asisalimie watu. Walianza wazee wa soko. Wakaja wachungaji, mmoja baada ya mwingine. Akaja mwenyekiti wa bodaboda, kisha naibu wake, kisha mtu aliyewahi kuwa mwenyekiti. Kila mmoja alisema "mimi sina mengi", na kila mmoja alikuwa nayo. Maingi ndiye aliyekuwa akiwaita juu ya lori, kwa heshima kubwa, akitaja ukoo na kijiji cha kila mmoja. Jua likashuka. Mwisho akajikaribisha mwenyewe, akaanza kueleza historia ya chama tangu siku kilipoanzishwa.

Nilikuwa nimeketi chini ya lori na amplifaya yangu. Karibu nami alikuwa Susu Kalunde, bibi wa Matiliku ambaye hajawahi kukosa mkutano wowote, uwe wa serikali au wa injili. Mkonge ulikuwa unapita mikononi mwake mpaka nikahofia atakata vidole.

"Fundi," aliniambia bila kuinua macho, "hii kiondo yangu itakuwa gunia leo."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nawaapia kilikuwa kinawasha. Kampeni, kwa sheria, hufungwa kila siku saa kumi na mbili jioni, na kule kwenye baraza la duka alisimama kijana wa mpinzani ameinua simu, anarekodi, anangoja tu Kinu wapitishe muda ili Ndinda ashtakiwe. Nikamkumbuka Kimeu. Nikamwacha Maingi aseme yote, kwa sauti safi, kama alivyostahili.

Alipomkabidhi Ndinda maiki zilibaki dakika chache sana. Ndinda hakusalimia mtu. Alisimama akawatazama, akasema ndengu za Makueni zinaondoka hapa kwa bei ya huruma na kurudi kwa bei ya dhahabu. Akasema mama wa Matiliku anaamka alfajiri kutafuta maji na anarudi akikuta watoto wameenda shule bila chai. Maneno ya kawaida, lakini aliyasema kama mtu aliyekuwepo, na alikuwepo. Nikatazama pembeni. Mikono ya Susu Kalunde ilikuwa imesimama, uzi wa mkonge uko mdomoni.

Kisha akasema, "Nikienda Nairobi, kitu ya kwanza nitawaambia hao watu ni—"

Saa yangu ikafika. Nikazima.

Ndinda mdomo ulikuwa wazi. Akaigonga maiki, akanitazama chini ya lori, na sikuweza kusoma uso wake. Halafu vijana wake wakanishukia.

"We mzee umenunuliwa!" mmoja alinishika shati. "Si ungemuacha amalize? Neno moja tu!"

"Saa imefika," nikasema.

"Saa ya nani? Maingi ulimuacha!"

"Maingi saa yake haikuwa imefika."

Ilikuwa kweli, lakini haikunifariji. Nilifungua spika, nikafunga mizigo, nikaondoka. Njiani nilijiambia nimemwangusha yule mtoto kwa mkono wangu. Nilijiambia tena kwamba ningemwacha apite, angeshtakiwa, na angeangushwa vilevile. Yote mawili yalikuwa kweli na yote mawili yaliniuma.

Asubuhi yake nilipitia Sultan Hamud kununua fyuzi kwa Abdi. Abdi ni mtu wa kaskazini, familia yake ilianza na mifugo, sasa ana duka la vifaa vya umeme karibu na reli. Nilikuta watu wamejaa dukani kama kuna msiba, nikadhani wananingoja mimi. Kumbe walikuwa Matiliku jana yake, na sasa wanabishana.

"Wallahi alikuwa aseme soko ya ng'ombe," Abdi alikuwa anasema, amepiga meza. "Kitu ya kwanza ni soko ya ng'ombe! Tuko na barabara kubwa hapa, lakini mnyama anauzwa mpaka Nairobi ndio apate bei."

"Soko gani?" mwuza mboga za sukuma akamkatiza. "Ndinda ni mama. Alikuwa aseme maji. Hata uso yake ilikuwa ya maji."

"Uso ya maji ni gani sasa?"

"Wewe huwezi kujua, hujawahi beba mtungi."

Fundi wa viatu akasema ni barabara ya Matiliku, maana alimwona akitazama upande ule. Wakaniona. Wakanigeukia wote kwa pamoja, na Abdi akauliza, "Mzee, wewe ulikuwa na waya. Angesema nini?"

Nikasema sijui. Hawakuamini. Waliona kama neno lile limebaki kwenye amplifaya yangu.

Ilikuwa hivyo hivyo kila mahali. Kabati pale stendi ya bodaboda nilipokelewa kwa kelele. "Buda, ni wewe ulizimia Ndinda? Ulituchoma vibaya!" Kabla sijajibu wakaanza wao kwa wao: stima, kazi ya vijana, mikopo ya pikipiki. Mmoja akasema hata hivyo Wamakueni wakae na mbunge wao, kiongozi wa chama lazima atoke Kitui, na hapo vita vikaanza upya, maana mwingine mama yake ametoka Matiliku. Nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu Mwende anatwanga mahindi ya muthokoi.

"Mimi nasema kiongozi atoke hapa," akaniambia bila hata karibu. "Makueni wamezidi kujisikia." Akatwanga kidogo. "Lakini kama ni mimi nilikuwa nasema hiyo maneno, ningesema maji."

"Wewe ni wa Maingi."

"Mimi ni wa maji," akasema.

Siku ya matokeo nilikaa na redio. Ndinda alishinda, si kwa kishindo, lakini alishinda vizuri. Mwende alisema ni bahati. Mimi niliingia chumbani nikakaa peke yangu kidogo, kwa sababu sikutaka anione nikilia kama mtoto. Jioni hiyo nikatangaza nimestaafu, na Mwende akasema ni bahati ya pili.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mnapoingia. Wiki iliyopita Ndinda alikuja nyumbani kwangu. Alikuja na dereva tu, akakaa jikoni, akala muthokoi ya Mwende, wakasemana kuhusu Kitui na Makueni mpaka wakachoka. Kisha akanigeukia.

"Mzee, siku ile nilikuwa na hasira na wewe. Siwezi kudanganya."

"Ulikuwa na haki."

"Nilitaka kukukanyaga na ile lori."

"Sasa niambie," nikasema, maana lilikuwa limenikaa rohoni miezi yote. "Ulikuwa useme nini? Kitu ya kwanza ni nini?"

Akamtazama Mwende, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Mzee, mimi mwenyewe sikujua! Nilikuwa nimekaa kwa jua siku nzima, kichwa imekauka. Nilianza hiyo sentensi nikiomba Mungu alete mwisho. Ungeniacha, ningesema tu 'maendeleo'."

Mwende akapiga makofi kwa kicheko. Mimi akilini niliiona mikono ya Susu Kalunde ikianza kusuka tena.

"Ulipozima," Ndinda akaendelea, sasa hacheki, "kila mahali nilipita ile siku zilikuwa zimebaki, sikuhutubu. Mtu akiniona tu ananimalizia. Abdi wa Sultan Hamud alinikalisha kwa duka yake saa nzima juu ya ng'ombe. Mwuza sukuma juu ya maji. Sijawahi kusikiza watu hivyo, hata nikiwa afisa. Sasa najua ile kitu ya kwanza."

"Ni gani?"

"Utasikia Jumamosi," akasema. Kisha akaniomba nirudi kazini siku moja, niketi kwenye swichi. "Wamesema kila mgombea apewe dakika sawa. Nikipita, unizime."

Siku mbili baadaye Maingi alinipigia simu. Aliniuliza hali ya mke wangu kwa jina, na hali ya goti langu, kisha akafika kwenye jambo lake. "Fundi, siku ile Matiliku kila mtu aliona uko na nani. Macho yako yalikuwa yanasema. Na bado ulimzima. Mimi nataka wewe Jumamosi. Watu wangu na wa Ndinda hawajakubaliana kitu kingine hata kimoja, isipokuwa wewe."

Vijana, nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kupewa heshima kama ile. Nilitamani kukubali kabla hajamaliza kusema. Lakini niliwaambia wote wawili ukweli. Sikio langu la kushoto limekufa kwa kukaa karibu na spika. Zile kelele za maiki zikianza kupiga mluzi, mimi ndiye wa mwisho kusikia. Nikasema ninao watu. Wakauliza kama hao watoto wa kanisa wanaweza. Nikasema wanapuliza maiki, lakini wanafundishika.

Hiyo ilikuwa sababu niliyowapa wao. Nyinyi nawapa na ile nyingine. Pale Matiliku niliweza kumzima Ndinda kwa sababu nilikuwa sijui kama kweli anaweza kuufikia uongozi. Sasa najua. Moyo wangu uko kwake wote, na mtu wa namna hiyo hafai kukaa karibu na swichi.

Kwa hivyo Jumamosi fikeni mapema. Spika zitazame wajumbe, si mabati ya ukumbi. Maiki iguseni kwa ukucha. Maingi mpeni sauti yake yote, safi, hata akianza historia ya chama. Susu Kalunde anakuja na basi la wajumbe wa Makueni, na ameanza kiondo kipya. Mimi nitakaa kando yake, mbali na nyinyi, na mkitaka kujua mambo yanakwendaje, tazameni mikono yake, si uso wangu.

Na dakika za Ndinda zikiisha akiwa katikati ya sentensi, hata kama ni ile yenyewe tunayoingoja sote, zimeni. Mtaniona nimesimama. Huenda nikapiga kelele kwamba mwacheni amalize, neno moja tu. Msinisikilize.